Afande, Unasikia?

Kama umekulia mtaani Kenya, neno afande umelitumia kwa namna mbili. Ya kwanza ni ya kujikunyata: umesimamishwa usiku, mikono imetoka mfukoni yenyewe, sauti imelegea, "Afande, mimi naenda tu nyumbani." Ya pili ni ya kejeli, ukishafika hiyo nyumbani na unawasimulia marafiki. Sijawahi kumsikia mtu wa rika langu akilitamka neno hilo jinsi tunavyotamka mwalimu au daktari, kwa heshima isiyo na hofu ndani yake.

Neno lenyewe limesafiri sana. Waturuki walimwita efendi mtu mwenye elimu na hadhi. Likapita Misri, likaingia katika jeshi la Misri na Sudan kama jina la kumwita afisa, na mwishoni mwa karne ya 19 likaletwa Uganda na askari wa Kisudani walioajiriwa na Waingereza. Midomo yetu ikalifanya afande. Lilipoanza lilimaanisha mtu aliyesoma. Lilipotufikia lilimaanisha mtu mwenye bunduki.

Kwa muda sasa nimekuwa nikilifuata neno hili katika historia ya majeshi yetu, kwa sababu limebeba swali ambalo sisi raia hulipia bei kila jeshi linapolijibu vibaya. Mtu mwenye bunduki hufundishwaje kuwa kiongozi? Na tukisema afisa fulani ana tabia njema, ni tabia gani hiyo tunayoisifu?

*

Tuanze na kitenzi kimoja: kusikia. Kwa Kiswahili kinafanya kazi mbili. Ni kupokea sauti, na ni kutii. Mama akisema "mtoto huyu hasikii," hamaanishi apelekwe kwa daktari wa masikio. Methali nayo inatuonya: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumeimba hiyo tangu darasa la kwanza. Lakini hebu nitafutie methali ya upande wa pili, ile ya mkuu asiyesikia la mdogo. Mimi nimeitafuta sana. Naona kama historia ya kijeshi ya Afrika Mashariki ni hadithi ya methali hiyo iliyokosekana.

Dalili zilionekana mapema. Mwaka 1897, wale askari wa Kisudani wa Uganda waliasi. Walikuwa wamechoshwa na safari za kivita zisizoisha, mshahara wao ulikuwa duni, na bado waliamriwa wafunge safari nyingine ndefu. Ilibidi Waingereza walete wanajeshi kutoka India ili kuuzima uasi huo. Miaka michache baadaye, tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Kenya, Uganda na Nyasaland, yaani Malawi ya leo, viliunganishwa vikawa King's African Rifles. Wazee wetu waliliita Keya.

Ndani ya Keya mpango ulikuwa rahisi kueleza: Mzungu anaamuru, Mwafrika anasikia. Lugha ya amri ilikuwa Kiswahili, na afisa mgeni alitakiwa kufanya mtihani wa Kiswahili. Ukisoma hivyo haraka unaweza kudhani kulikuwa na mazungumzo. Lakini Kiswahili chenyewe kilikuja kuitwa KiKAR. Ngeli zilitupwa nje, sarufi ikanyolewa, yakabaki maneno ya kutosha kusema njoo, nenda, beba, piga, nyamaza. Ni lugha inayotosha kumwamuru mtu, lakini haitoshi kumsikiliza akikueleza kwa nini mguu wake umevimba, au kwa nini ana hasira.

Nidhamu ilifundishwa mwilini. Mguu pande, mguu sawa, nyuma geuka. Wengi wetu tumezikariri amri hizi kwenye gwaride la skauti bila kuuliza zilitoka wapi. Gwaride lina kazi yake, sibishi. Linawafundisha watu mia kutembea kama mtu mmoja, na vitani hilo huokoa maisha. Tatizo ni kwamba kwa askari Mwafrika masomo yaliishia karibu hapo hapo. Alifundishwa utii, halafu utii huo ukaitwa tabia.

*

Waingereza walijua vizuri kwamba utii na uongozi ni vitu viwili. Kwao, Sandhurst ilikuwa chuo cha kumtengeneza afisa, na kauli mbiu ya chuo hicho mpaka leo inamtaka kadeti atumikie ili aweze kuongoza. Kijana alipewa majukumu, akaachwa aamue, akikosea akosolewe, kisha apewe majukumu mengine. Ndivyo tabia ya uongozi inavyojengwa popote duniani, jeshini au kwenye chama cha akina mama cha kuweka akiba. Mtu haaminiki kwanza ndipo apewe jukumu. Hupewa jukumu, ndipo uaminifu wake uonekane.

Huku kwetu nafasi hiyo iligawanywa kwa rangi. Mwaka 1937 iliundwa Kenya Regiment, kikosi cha walowezi. Vita Kuu ya Pili ilipoanza 1939, vijana wake walisambazwa katika Keya wakawe maafisa na masajini wa kuwaongoza Waafrika. Kijana wa mlowezi aliyelelewa shambani Rift Valley alihesabiwa kuwa amezaliwa na tabia ya uongozi. Mwafrika aliyekuwa jeshini miaka kumi, anayeijua kila kona ya kazi, alihesabiwa kuwa bado.

Kwamba huo ulikuwa uamuzi wa watu, si sheria ya maumbile, tunajua kwa kutazama ng'ambo ya bara. Mwaka 1942, Seth Anthony, aliyekuwa mwalimu wa shule Gold Coast, nchi tunayoiita leo Ghana, alihitimu mafunzo Uingereza akapewa uafisa kamili. Alipigana Burma akiwa afisa. Katika Keya, vita vyote viliisha 1945 bila Mwafrika hata mmoja kupewa nafasi kama hiyo. Wapo waliofika vyeo vya juu kabisa vya wasio maafisa, wakaongoza platuni nzima kwenye mapigano. Kazi ya afisa walifanya. Cheo ndicho hawakupewa.

Wakati huo huo, shule nyingine ilikuwa wazi, ile ambayo hakuna aliyeipanga. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma mwaka 1944, ikashuka bonde la Kabaw katikati ya mvua na malaria hadi mto Chindwin. Mmoja wa vijana wa Keya waliokuwa Burma alikuwa Waruhiu Itote wa Nyeri. Katika kitabu chake cha 1967 anaeleza mazungumzo aliyofanya na watu wa mataifa mengine huko, watu waliomfanya ajiulize anampigania nani na kwa nini. Zingatia kilichotokea hapo: kuna mtu alimuuliza swali, akangoja jibu. Itote alirudi nyumbani akiwa koplo. Miaka michache baadaye alikuwa msituni Mlima Kenya, akiongoza mamia ya watu kwa jina la Jenerali China.

Usinielewe vibaya, sisemi vita vya msituni vilikuwa chuo safi. Kulikuwa na mambo ya kutisha pande zote. Ninachosema ni kwamba jeshi lililomwona Itote kuwa wa ukoplo tu lilikuwa limelala na kiongozi ndani ya hema lake likashindwa kumtambua. Halikuwa na sikio la kumtambua nalo.

*

Katikati ya miaka ya 1950 uhuru ulianza kunusa, na Waingereza wakajua lazima watafute maafisa weusi. Wakafanya nini? Wakalifufua lile neno la zamani. Wakaanzisha cheo cha effendi. Effendi alikuwa juu ya sajini meja, alivaa vizuri, alipigiwa saluti na askari. Lakini alikuwa chini ya kila afisa wa Kizungu, hata kijana aliyeshuka ndege jana. Kilikuwa cheo cha kumfanya mtu aonekane afisa bila kuwa afisa. Heshima nusu.

Na waliwachagua vipi? Waliwachagua zaidi waliokaa jeshini muda mrefu, watiifu, wenye mwili, wanaojua kusimamia gwaride. Wengine walitokea kuwa viongozi wazuri. Jackson Mulinge, aliyeingia Keya wakati wa vita, alipitia ngazi hiyo na miaka ya baadaye akaongoza majeshi yote ya Kenya. Lakini ngazi hiyo hiyo ilimpandisha mtu mwingine. Idi Amin alijiunga na Keya 1946, akaanzia jikoni kama msaidizi wa mpishi. Alikuwa bondia bingwa wa Uganda kwa miaka mingi, mtiifu kwa wakubwa zake, mkakamavu kupita kiasi. Alifanywa effendi 1959, na 1961 akawa luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupata uafisa.

Mwaka 1962 Amin na askari wake walitumwa kaskazini mwa Kenya, Turkana, kukabiliana na wezi wa mifugo. Waturkana waliuawa, na lawama zikamwangukia yeye. Uganda ilikuwa imebakiza miezi michache kupata uhuru. Gavana alilipeleka suala hilo kwa Milton Obote, na uamuzi ukawa Amin akaripiwe tu. Maafisa Waafrika walikuwa wawili; kumshtaki mmoja kungeonekana vibaya.

Hapo ndipo mimi husimama kila nikisoma historia hii. Kwa miaka kumi na sita jeshi lilimpima mtu huyu. Lilimpima mwili, likapima utii, likapima gwaride na ndondi. Siku lilipopimwa jambo ambalo kweli ni tabia, yaani jinsi anavyomtendea mtu asiye na nguvu wakati hakuna anayemtazama, jibu lilipatikana wazi kabisa. Na jibu hilo likafungiwa kwenye droo. Kama kuna siku moja ambayo elimu ya kijeshi Afrika Mashariki ilifeli mtihani wake, mimi nitaitaja hiyo, na iliwaua Waturkana kwanza kabla ya kuwaua Waganda.

*

Bei ya jumla ilikuja kulipwa Januari 1964. Kenya ilikuwa huru kwa wiki sita tu. Usiku wa uhuru, vikosi vya 3, 5 na 11 vya Keya viliamka vikiitwa Kenya Rifles. Jina lilibadilika, maafisa wakuu walikuwa wale wale.

Tarehe 12 Januari yalitokea Mapinduzi ya Zanzibar. Tarehe 20, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakawakamata maafisa wao wa Kizungu. Walitaka mambo mawili: mshahara wa maana, na maafisa Waafrika. Tarehe 23 ikawa zamu ya Jinja, Uganda, ambako askari walimzuilia waziri Felix Onama. Tarehe 24 ikawa Lanet, nje kidogo ya Nakuru.

Habari ya Lanet ina kipande kimoja ambacho hakinitoki akilini. Jioni hiyo askari vijana wa kikosi cha 11 walikuwa wakimngojea Waziri Mkuu Jomo Kenyatta kwenye televisheni. Waliamini atatangaza nyongeza ya mshahara. Hakutokea. Wakachukua silaha. Wanajeshi wa Uingereza wakaitwa kuizima hasira hiyo, na askari mmoja akapoteza maisha.

Tafakari hilo kidogo. Watu wazima, wenye bunduki, wenye familia, wana shida inayojulikana na kila mtu kambini. Juu yao kuna koplo, kuna sajini, kuna effendi wa jana, kuna luteni, kuna meja, kuna kamanda. Ngazi nzima ya kupeleka amri chini ipo na inafanya kazi vizuri. Lakini hakuna hata ngazi moja ya kupeleka neno juu na kurudisha jibu. Kwa hiyo wanakaa mbele ya televisheni kama watoto wanaongoja baba arudi na mkate.

Kuasi ni kosa, na jeshi linalojadiliana na wananchi kwa mtutu si jeshi. Lakini Lanet haikuwa na njama kubwa wala itikadi. Ilikuwa mkuu asiyesikia, na mdogo aliyefundishwa kwamba kusikia ni kazi yake peke yake.

*

Nchi tatu zilipata somo moja ndani ya wiki moja. Kila moja ikaandika jibu lake.

Tanganyika ilifuta ubao. Baada ya makomando wa Uingereza kuuzima uasi tarehe 25 Januari, Julius Nyerere alilivunja jeshi lote. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na wengi wa makuruta wake wakatoka katika Umoja wa Vijana wa TANU. Mkuu wake wa kwanza, Mrisho Sarakikya, alikuwa amesomea Sandhurst, lakini chini yake askari alifundishwa siasa pamoja na kwata. Hoja yao ilikuwa kwamba askari asiyejua anatetea nini ni hatari kuliko adui. Naikubali hoja hiyo. Ila nayo ilikuwa na bei: dhamiri ya askari ikikabidhiwa chama, siku chama kikikosea ni nani atakayekiambia? Hata hivyo jeshi hilo halijawahi kupindua serikali, na mwaka 1979 ndilo lililoingia Kampala na kumtimua Amin.

Uganda ililipa. Obote alipandisha mishahara, na uasi ukaisha kwa waasi kuona kwamba bunduki inajibiwa haraka kuliko barua. Amin aliendelea kupanda vyeo. Mwaka 1966 ndiye aliyeongoza shambulizi la kasri ya Kabaka, Mengo. Tarehe 25 Januari 1971, miaka saba na siku mbili baada ya Jinja, akamfungia Obote mlango wa nchi. Mtiifu alikuwa amepata fursa ya kutomtii mtu yeyote.

Kenya ilishika njia ya katikati, kama kawaida yetu. Askari 43 walifikishwa mbele ya mahakama mbili za kijeshi. Kikosi cha 11 kikavunjwa, na askari 340 waliosafishwa na wapelelezi wakaunda kikosi kipya. Makadeti wakazidi kupelekwa Sandhurst na Mons huko Uingereza. Mwingereza aliendelea kuliongoza jeshi letu hadi 1966, alipochukua nafasi Joseph Ndolo, ambaye naye aliondoka 1971 jina lake lilipotajwa katika njama ya kupindua serikali. Na yule Itote? Alipewa kazi ya uongozi katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Jenerali wa msituni akawekwa alee vijana wa majembe, mbali na mizinga.

Nikijaribu kulifupisha jibu la Kenya, naliona hivi: askari ale vizuri, alale vizuri, anyamaze. Kimya kikachukuliwa kuwa nidhamu.

*

Kimya hicho kilivunjika alfajiri ya Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Wazazi wetu wanakumbuka sauti ya Leonard Mambo Mbotela redioni, akisoma tangazo chini ya mtutu kwamba serikali imepinduliwa. Waliofanya hivyo walikuwa wanajeshi wa anga, na aliyejitangaza kiongozi, Hezekiah Ochuka, alikuwa na cheo cha pili kutoka chini. Si jenerali, si kanali. Jaribio lilizimwa siku hiyo hiyo. Watu zaidi ya mia moja walikufa, wengi wao raia. Jeshi lote la anga likavunjwa, likaitwa kwa jina jingine hadi 1994.

Nilipokuwa nikisoma kuhusu 1982 nilitarajia kukuta hadithi tofauti na Lanet. Wanajeshi wa anga walikuwa wamesoma. Walikuwa mafundi wa ndege, watu wa rada na vitabu vya Kiingereza. Lakini umbo ni lile lile: walio chini kabisa wanachemka, walio juu hawajui, au wanajua na hawajali. Kwa hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema dawa ni elimu tu. Cheti hakimpi mtu tabia. Ochuka alikuwa na uwezo wa kusoma na kupanga, na alichopanga kilikuwa kuwapeleka wenzake na raia machinjioni bila mpango wa maana wa kesho yake.

Baada ya hapo Kenya ilianza kujenga madarasa kwa bidii. Mwaka 1984 kilifunguliwa chuo cha wanadhimu huko Karen. Mwaka 1997 kikaja Chuo cha Taifa cha Ulinzi, ambako maafisa wa ngazi za juu hukaa na maafisa wa serikali wasio wanajeshi, wakajadili mambo ya nchi. Jenerali Daudi Tonje, aliyeongoza majeshi kuanzia 1996 hadi 2000, aliweka kanuni za kupanda vyeo na kustaafu ambazo bado zinaitwa kwa jina lake. Zinaweza kusikika kama mambo ya makaratasi, lakini fikiria maana yake: mkuu ajue ana siku ya kuondoka, na mdogo ajue kupanda kwake hakutegemei kumfurahisha mtu. Kwa maoni yangu hilo lilifanya mengi kwa tabia ya jeshi kuliko hotuba elfu za uzalendo. Mtu husema ukweli kwa urahisi zaidi kama ukweli huo hautamnyima mkate.

Na makadeti wanafundishwa wapi? Lanet. Chuo cha kijeshi cha Kenya kiko Lanet ile ile, Nakuru. Kila mwaka Rais huenda huko, vijana hupita kwa gwaride la kung'aa, wazazi hupiga vigelegele, na makadeti wanatoka wakiwa maluteni.

*

Sasa kwa nini haya yatuhusu sisi, watu wa matatu na simu?

Kwa sababu tumeshaona pande zote mbili. Mwaka 2013, wakati Nairobi ilikuwa ikilia kwa ajili ya Westgate, kamera zilionyesha wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Mkuu wa majeshi alitangaza kwamba wawili walifukuzwa na kufungwa. Hakukuwa na upungufu wa mafunzo ya kulenga shabaha pale. Kilichokosekana ni kile ambacho Turkana 1962 ilikipima.

Halafu ikaja Juni 2024. Tarehe 25, siku waandamanaji walipoingia bungeni, serikali ilitangaza kuliita jeshi kuwasaidia polisi. Katiba ya 2010, kifungu cha 241, inataka Bunge la Taifa liidhinishe kabla wanajeshi hawajatumwa kutuliza ghasia ndani ya nchi. Idhini ikatolewa kesho yake. Chama cha Wanasheria kikaenda kortini. Mahakama haikulizuia jeshi, lakini iliitaka serikali ieleze wazi jeshi litafanya nini, wapi, na kwa muda gani. Siku hizo hizo nilitazama video za vijana wakiwashangilia wanajeshi barabarani, wale wale vijana ambao jana yake walikuwa wakimkimbia karao.

Video zile zilinifurahisha na kunitia wasiwasi kwa pamoja. Zilinifurahisha kwa sababu zilionyesha bado kuna sare tunayotamani kuiheshimu. Zilinitia wasiwasi kwa sababu Uganda nao walishangilia mwezi Januari 1971. Jeshi likianza kupendwa kuliko bunge, shida iko bungeni, lakini hatari iko kila mahali.

Usiku kama ule, kila kitu hufika mikononi mwa mtu mmoja mwenye miaka ishirini na kitu. Luteni amesimama na watu thelathini, mbele yake kuna umati, sikioni kuna redio. Sheria inamwadhibu mwanajeshi anayekataa amri halali. Neno zito hapo ni halali. Linadai kwamba kabla ya kutii, awe na uwezo wa kupima. Kupima huko hakufundishwi kwa kutambaa matopeni, ingawa matope yana kazi yake. Hufundishwa kwa kuzoezwa kuuliza darasani bila kuadhibiwa, kwa kusoma makosa ya jeshi lako mwenyewe kwa majina na tarehe, na kwa kuwa na mkuu ambaye ukimwambia "Afande, hili si sawa," anakusikia. Namaanisha kusikia kwa maana ya kwanza, ile ya masikio.

Kama ningepewa dakika tano na makadeti wa Lanet, nisingewaambia habari za Burma wala za bendera. Wanajua kuzifia. Ningewasomea jioni ya tarehe 24 Januari 1964, pale pale ilipotokea. Ningewasomea pia Turkana. Halafu ningewaomba jambo dogo kwa siku yao ya kwanza ya kazi, kabla ya kutoa amri yoyote. Kikosini kwako, luteni, kuna askari mwenye jambo moyoni na anangoja jibu. Nenda ukamuulize. Asije akalingoja kwenye televisheni.